UZI: Crash Team Racing ya PS1 tunairudia ukubwani. Ugumu wake ulikuwa wapi hasa?

#1 NgoshaWaPedi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna ubishi haujaisha kwenye mabanda ya gemu, kuanzia Kirumba hadi Igoma hapa Mwanza: kwamba Crash Team Racing (CTR), ile gemu ya mbio za vigari ya Naughty Dog ya mwaka 1999, kompyuta ilikuwa inaiba. Eti unaongoza mizunguko miwili na nusu, wa mwisho unatwangwa kombora, unamaliza wa tano, na dawa hakuna.

Napinga. Gemu ile haikuiba, ilificha. Kitu kinachoamua mbio nzima ni kimita kidogo pembeni chini kulia, na CD nyingi zilizotufikia huku hazikuwa na kitabu cha maelekezo. Mtoto akajua X ni mafuta, mraba ni breki, duara ni silaha, R1 ni kuruka. Akaishia hapo. Ukiendesha hivyo, kigari chako hakifiki mwendo wa wale wa mbele hata usiguse ukuta mara moja.

Mambo yenyewe ni haya. Bonyeza R1 (au L1), kigari kiruke. Kabla hakijatua shika mshale wa kushoto au kulia na usiachie kitufe ulichorukia. Kikitua kinaanza kuserereka, hapo ndipo drifti imeanza. Sasa tazama mita: inajaa, ikikaribia ukingoni inageuka nyekundu, na moshi wa bomba unakuwa mweusi. Ikiwa kwenye nyekundu, gonga kitufe cha UPANDE WA PILI. Kama umeshika R1, gonga L1. Unapata busti, yaani msukumo wa ghafla wa mwendo. Usiachie R1. Mita inaanza upya, unagonga tena, halafu mara ya tatu. Busti tatu kwa drifti moja, basi. Ukitaka nyingine, achia, ruka, anza drifti mpya.

Ukigonga mapema, mita ikiwa bado haijawa nyekundu, unapoteza nafasi. Ukichelewa mita ikajaa hadi mwisho, bomba linakohoa moshi na hupati kitu. Ukiendelea kushika drifti bila kufanya lolote, kigari kinazunguka chenyewe. Makosa yenyewe ni hayo matatu, na dalili ya kila moja unaiona kwa macho.

Uzi huu nataka wajuvi tuujaze mambo ya kiufundi, kwa anayetaka kuirudia aimalize. Hadithi za nani alikuwa bingwa wa mtaa tuwaachie vijiwe vya kahawa.

#2 Furu_wa_Kirumba

Mkuu, busti kwenye kona tunazijua. Tatizo linabaki palepale: kona ikiisha, kwenye mnyoofu wanakuja wanakupita.

#3 NgoshaWaPedi

Kwa sababu unadrifti kwenye kona tu. Hilo ndilo kosa la pili, na nadhani ni kubwa kuliko la kwanza.

Kwenye mnyoofu pia unadrifti. Ruka kulia, busti tatu, achia, ruka kushoto, busti tatu, achia. Njia yako inakuwa kama nyoka. Anayekutazama atadhani umelewa, lakini wewe ndiye unayekimbia.

Sababu ni akiba. Kila busti inaongeza muda kwenye akiba isiyoonekana. Fikiria tangi la maji juu ya nyumba: pampu ikizimwa bomba haliachi kutoa maji papo hapo, linaendelea mpaka tangi liishe. Ndivyo moto wa bomba unavyobaki ukiwaka hata baada ya busti kupita, na ukiwaka una mwendo wa ziada. Ukiongeza busti kabla akiba haijaisha, huurudii mwendo wa kawaida kabisa. Na kadiri unavyogonga karibu na mwisho wa nyekundu, ndivyo akiba inavyoongezeka zaidi. Kwa hiyo busti ya haraka haraka ya mwanzo wa nyekundu si sawa na ile ya ukingoni, ingawa zote mbili zinatoa moto.

#4 BintiUkerewe

Niongezee hapo kwa mleta uzi, maana watu wakisikia akiba wanadhani mioto yote ni sawa. Si sawa. Busti ya drifti ni ngazi ya chini. Zile sahani za turbo zilizochorwa barabarani zinakupa ngazi ya juu zaidi, na kuna sahani kubwa zaidi ya hizo kwenye treki chache kama Turbo Track na Hot Air Skyway, zinazokurusha kama jiwe la manati.

Siri ni kwamba ukishapanda ngazi ya juu unaweza kuishikilia kwa busti ndogo za drifti, mradi akiba haikauki katikati. Wachezaji wa dunia wanaoshindana kwa muda wanatafuta hicho tu: kukanyaga sahani moja, kisha kulisha ule mwendo kwa drifti mzunguko mzima. Ukigusa ukuta, ukipigwa silaha au ukidondoka nje, unashuka hadi sifuri na kuanza upya.

Na kuna busti ya hewani. Ukifika ukingoni mwa mteremko au tuta, ruka kwa R1 sekunde hiyohiyo kabla magurudumu hayajatoka. Unakaa hewani muda mrefu zaidi, na gemu inakulipa busti kulingana na muda uliokaa juu. Wengi wanaliacha tuta liwarushe lenyewe. Wanakosa busti ya bure kila mzunguko.

#5 Sato_Mkavu

Mimi nabisha kidogo. Mnasema gemu haiibi, na mabosi je? Nitros Oxide anaondoka kabla taa haijawa ya kijani! Huo kama si wizi ni nini?

#6 NgoshaWaPedi

Hapo nakupa haki yako. Oxide anaondoka kabla ya taa, kila mtu kaona. Lakini hata huo ujanja una jibu. Kwanza wewe mwenyewe upate busti ya mwanzo: X ibonyezwe muda mfupi tu kabla ya kijani, usiishike tangu taa ya kwanza. Ukiishika mapema injini inatoa moshi na busti hupati, ukichelewa unaondoka kinyonge. Ni suala la mdundo, jaribu mara kumi mfululizo kwenye Time Trial (mbio za peke yako dhidi ya saa), kidole kitaukariri.

Pili, tuwaangalie mabosi mmoja mmoja, maana kila mmoja ana silaha yake anayoitupa nyuma bila kuishiwa:

Ripper Roo yuko treki ya Roo's Tubes, anaacha maboksi ya TNT. Ukilikanyaga linakupanda kichwani na kuanza kuhesabu. Ruka kwa R1 mfululizo bila kusita, litadondoka kabla ya kulipuka. Papu Papu yuko Papu's Pyramid na chupa zake za kijani. Yeye ni mwepesi kuliko wote, kinachowamaliza watu pale ni mimea inayomeza madereva.

Komodo Joe, Dragon Mines. Huyu ndiye aliyewaliza wengi, na sababu ni barabara yenyewe kuliko yeye. Njia ni nyembamba, inazunguka, kuna vibehewa vya mgodi vinakatiza, halafu yeye anamwaga TNT na Nitro. Nitro ile ya kijani haina mjadala: ukiigusa imelipuka. Usimfuate kwenye mstari wake. Kaa upande wa ndani wa kona, yeye hutupa pale alipopita.

Pinstripe yuko Hot Air Skyway, anabingirisha mabomu nyuma. Pale hakuna ukuta, ni hewa. Bomu moja na umeshuka chini.

Oxide, Oxide Station, anatumia vitu vya wote hao. Na huyo unapambana naye mara mbili: ya kwanza ukiwa na funguo 4 za mabosi, ya pili ukiwa na reliki zote 18 (zawadi za mbio maalumu dhidi ya saa). Ile ya pili ndiyo ya kumaliza kweli.

#7 Furu_wa_Kirumba

Nimekusoma. Sasa swali la kijinga: matunda yale ya Wumpa yana faida gani zaidi ya mapambo?

#8 BintiUkerewe

Si la kijinga hata kidogo, ni swali ambalo wengi hawakuuliza. Yakifika 10 mambo mawili yanatokea. Kigari chako kinaongezeka mwendo wa juu, na silaha zako zinapata nguvu: ngao ya kijani inakuwa ya bluu na haiishi muda wake, TNT inageuka Nitro, ile tufe inayomtafuta anayeongoza inapiga kila iliyemkuta njiani.

Ukipigwa unapoteza matunda. Ndiyo maana ukipigwa mara moja ukiwa wa kwanza unahisi kama gemu imekufunga breki: umepoteza akiba ya moto, umepoteza matunda, umepoteza nafasi. Kwa hiyo kazi ya mzunguko wa kwanza ni kukusanya 10, hata kama utakuwa wa nne. Kuongoza ukiwa na tunda 2 ni kujitafutia balaa.

Na ukiongoza, usiitumie silaha yako ya nyuma ovyo. Bomu unaweza kulirusha nyuma kwa kushika mshale wa chini ukibonyeza duara. Bomu la mbele lilipue mwenyewe kwa kubonyeza duara mara ya pili linapompita mtu karibu. Watu wanaliacha linagonga ukuta bure.

#9 Chogo_Inchi14

Mnaongea vizuri lakini mmeruka jambo kubwa kuliko yote. TV.

CTR inaenda fremu 30 kwa sekunde kwenye NTSC, mfumo wa picha wa Marekani. Fremu moja ni kama milisekunde 33. Chukua PS2 ukaichomeke kwenye TV bapa kwa ule waya wa AV wa njano, nyeupe na nyekundu. TV inapokea picha ya zamani, inaichakata, inaikuza, ndipo inaionyesha. TV nyingine zinachelewa hata milisekunde 100. Hizo ni fremu 3. Sasa unaambiwa ugonge L1 mita ikiwa ukingoni mwa nyekundu! Unachokiona kimeshapita. Utagonga umechelewa, bomba litakohoa, utasema gemu mbovu.

TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, haina ucheleweshaji huo. Inchi 14 au 21, bado zinapatikana kwa mafundi, wengi wanaziuza bei ya kutupa kwa sababu hakuna anayezitaka. Kama huna nafasi ya chogo, ingia kwenye mipangilio ya TV yako uweke hali ya gemu, na uzime vile vikorombwezo vyote vya kulainisha picha.

#10 Sato_Mkavu

Mkuu chogo, kuna wanaosema wakiweka CD ya Marekani kwenye TV ya chogo picha inakuja nyeusi na nyeupe. Ni TV au ni gemu?

#11 Chogo_Inchi14

Ni mfumo wa rangi. CD ya Marekani ni NTSC, skrini inachorwa mara 60 kwa sekunde. Ya Ulaya ni PAL, mara 50. TV za chogo za zamani zilizoletwa huku nyingi ni za PAL, zikipewa NTSC zinaonyesha picha lakini rangi hazizielewi. Wakati mwingine picha inapanda kama ngazi, hapo kuna kitufe cha kushikilia picha nyuma ya baadhi ya TV. Tafuta chogo lenye mifumo mingi. Nyuma au kwenye menyu utaona PAL na NTSC zote zimeandikwa.

Na jihadharini na mashine za Marekani zenyewe. PS1 ya kule inakula volti 120, sisi ukutani tuna 230. Ukichomeka moja kwa moja umeikaanga. Ile ndogo nyeupe, PSone, ni afadhali: yenyewe inatumia adapta ya nje ya volti 7.5, unabadilisha adapta tu.

#12 FundiPedi_Nyegezi

Salaam wakuu. Nichangie upande wa vyuma.

Wengi mtaichezea kwenye PS2 kwa sababu ndiyo iliyojaa mtaani. PS2 inasoma CD za PS1 bila shida. Ila kuhifadhi: gemu ya PS1 HAIHIFADHI kwenye memori kadi ya PS2. Lazima kadi ya PS1, ile ya bloku 15. Watu wanacheza siku nzima na kadi ya PS2 ya MB 8 imechomekwa, wanazima, kesho wanakuta sifuri. Ukiwa na kadi ya PS1 hakikisha si zile za bandia zenye kitufe cha kubadili kurasa, zinapoteza data bila taarifa.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika kadi, faili linaweza kuharibika. UPS ndogo ya 650VA inatosha kabisa kwa PS2 na TV ndogo: unapata dakika chache za kuhifadhi na kuzima kistaarabu.

Pedi sasa. Drifti zote hizi zinategemea L1 na R1, na hivyo ndivyo vitufe vinavyochoka mapema kwenye pedi za mtumba. Dalili: unashika R1, drifti inakatika yenyewe katikati, busti ya pili haiji. Mtu anadhani ni kidole chake. Fungua skrubu za nyuma kwa bisibisi ya nyota, toa mpira wa L1 na R1, utaona kidoti cheusi cha kaboni. Futa hicho na sehemu ya saketi inayogusana nacho kwa pamba yenye spiriti. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji ndani, kwa hiyo subiri ikauke kabisa, dakika 15 hivi, kabla ya kufunga. Kama kidoti kimeshakwisha na kuwa king'avu, badili mpira kutoka pedi iliyokufa. Usikwangue na sandipepa, utamaliza kaboni iliyobaki.

Pedi mpya za bei chee zina ugonjwa mwingine: R1 unaibonyeza mara moja inasoma mara mbili. Kwa CTR hiyo ni sumu, maana kuruka mara mbili kunavunja drifti.

#13 Furu_wa_Kirumba

Fundi, na CD zinazokwama kwenye kupakia? Kuna anayeshauri dawa ya meno.

#14 FundiPedi_Nyegezi

Angalia kwanza mchubuko uko upande gani. Upande wa chini (ule mweusi kwa CD halisi za PS1) ni plastiki nene, mchubuko mdogo unaweza kusuguliwa. Upande wa juu wenye picha ndio hatari: data iko chini tu ya ile rangi. Ikichubuka pale, hata dawa ya meno ya ndoo nzima haisaidii. Kufuta ni kutoka katikati kwenda nje, mstari mnyoofu. Usizungushe.

Kama CD nyingi zinakwama, tatizo ni lenzi. Kwa wanaokaa karibu na maji, unyevu na vumbi vinashikamana juu yake, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wakivutwa na taa wanaingia hadi ndani ya mashine zinazoachwa wazi. Pamba, spiriti kidogo, gusa lenzi kama unagusa jicho la mtoto. Reli zake zipakwe grisi nyeupe kiasi cha punje ya mchele. Kile kiskrubu kidogo cha kurekebisha nguvu ya leza ACHA. Mafundi wanaokizungusha wanaifufua mashine kwa miezi, kisha leza inaungua moja kwa moja.

PS1 za mwanzo kabisa zina tabia ya kusoma vizuri zikigeuzwa juu chini. Si uchawi, ni reli ya plastiki ya leza imelika na joto la pawasaplai iliyokuwa karibu nayo. Ukiona mashine hivyo kwa muuzaji, shusha bei au ondoka.

#15 Mwana_wa_Mawe

Vipi kwa sisi wa kompyuta na simu? Si kila mtu ana nafasi ya chogo sebuleni, mama watoto atalitupa ziwani.

#16 BintiUkerewe

DuckStation, emuleta (programu inayoiga PS1), kwenye kompyuta na kwenye Android. Utahitaji faili la BIOS (programu ya kuwashia PS1) kutoka kwenye mashine yako mwenyewe, na CD yako ukaigeuza kuwa faili. Mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza: toleo la Ulaya la CTR lina ulinzi wa kuzuia nakala. Bila faili dogo la nyongeza linaloishia na .sbi, gemu inawaka vizuri kisha inakwama. Watu wanapakua upya mara tano wakidhani faili limeharibika. Toleo la Marekani halina kisanga hicho.

La pili: ucheleweshaji. Pedi ya Bluetooth kwenye simu ya bei ya chini inachelewa, kinyume kabisa cha chogo. Tumia pedi ya waya, USB. Kwenye kompyuta kuna kipengele cha kupunguza ucheleweshaji kinachoitwa Runahead, weka fremu 1, ukihisi bado weka 2, usizidi hapo.

La tatu: azimio la picha pandisha unavyotaka, halibadilishi uchezaji. Kipengele cha PGXP kinaondoa ule mtetemeko wa kuta za PS1. Lakini usiongeze kasi ya prosesa ya emuleta ukitaka kushindana muda na wenzako, hapo mbio si zilezile tena.

Vitufe vya mguso kwenye kioo? Kwa drifti za busti tatu, samahani, hapana.

#17 Sato_Mkavu

Na hii mpya ya PS4? Vijana wa mabanda ya sasa wanaijua hiyo tu.

#18 NgoshaWaPedi

Nitro-Fueled, imetengenezwa na Beenox, ilitoka Juni 2019 kwa PS4, Xbox One na Switch. Mifupa ni ileile: drifti, busti tatu, akiba. Tena imekuwa wazi zaidi, maana ule mwendo wa ngazi ya juu kabisa unauona kwa moto wa bluu. Ya zamani hukuonyeshwa kitu, unahisi tu. Na unaweza kuchagua kiwango cha ugumu kwenye safari ya Adventure, kitu ambacho ya 1999 haikuwa nacho. Treki za Crash Nitro Kart ya 2003 nazo zimo.

Kwa kujifunza nasema anza na hiyo kama unayo, kisha rudi PS1. Kwa ladha, ubishi ni wa kwenu.

#19 Mwana_wa_Mawe

Turudi kwenye reliki. Ule ndio mfupa. Yakuti unapata, dhahabu unatokwa jasho, platinamu unaambiwa hadithi.

#20 BintiUkerewe

Reliki watu wanazikosa kwa hesabu, si kwa mwendo.

Kwenye mbio za reliki uko peke yako na maboksi yenye namba 1, 2, 3. Kila boksi linasimamisha saa kwa sekunde hizo. Ukivunja YOTE unapunguziwa sekunde 10 mwishoni. Kwa hiyo boksi moja la namba 1 ulilokosa halikugharimu sekunde 1, linakugharimu 11. Ndiyo maana mtu anaendesha vizuri sana na anakosa dhahabu kwa sekunde 6, hajui kwa nini.

Utaratibu: endesha mara ya kwanza bila haraka, kariri maboksi yaliko. Mengine yako juu ya tuta, yanahitaji kuruka. Mengine yamefichwa kwenye njia za panya. Una mizunguko mitatu ya kuyavunja, lile ulilokosa mzunguko wa kwanza lipo bado wa pili. Kwa hiyo usianze upya kwa kukosa moja mapema, litafute ukirudi. La mzunguko wa tatu ukilikosa, hapo simamisha, anza upya.

Kigari kinapokuwa na saa iliyosimama, hiyo ni sekunde ya kutumia kwenye sehemu ngumu. Usiyavunje matatu kwa mpigo kisha ukalegea.

Slide Coliseum inafunguka ukiwa na reliki 10. Turbo Track ukiwa na vito vyote 5 (zawadi za mashindano ya vikombe). Na treki mojawapo inayokula muda sana ni Tiny Arena: ndefu, tope kila upande, kona pana zinazokudanganya. Pale busti tatu kila drifti si hiari.

#21 Furu_wa_Kirumba

Njia za panya zitajwe basi. Zenye faida, si za kujionyesha.

#22 NgoshaWaPedi

Mbili za lazima.

Sewer Speedway: kuna sehemu barabara inakuwa kama bakuli lililokatwa nusu, mapipa yanabingirika. Juu ukutani kuna tundu. Ingia bakulini ukiwa na moto wa busti, panda ukuta, ruka R1 ukingoni. Bila busti hufiki, unaanguka na kupoteza zaidi ya ulichotaka kuokoa.

Tiger Temple: kuna uso wa chui wa jiwe ukutani. Upige kombora au bomu, mdomo unafunguka, ndani ni mkato. Usipokuwa na silaha usiupoteze muda.

Blizzard Bluff na Papu's Pyramid nazo zina miruko ya kukata kona, lakini kwa mtu asiyeshika busti vizuri nashauri aziache. Njia ya panya ukiikosa kwenye mzunguko mmoja, faida ya yote mitatu imeondoka.

#23 Sato_Mkavu

Na dereva? Kila banda ni Tiny au Dingodile, wakidai ndio wenye mbio.

#24 BintiUkerewe

Wana mwendo wa juu kweli, na kona zao ni pana kama lori la samaki linaloingia uchochoroni. Anayejifunza drifti achukue Crash au Cortex, wako katikati kwa kila kitu. Coco na N. Gin wanachomoka upesi, wanafaa anayegonga ukuta mara kwa mara. Polar na Pura wanapinda vizuri ila mwendo wao wa juu ni mdogo, ukishazoea utawachoka. Ukishamudu busti tatu bila kukosa kwenye mnyoofu, ndipo hamia Tiny au Dingodile.

N. Tropy naye ni wa mwendo, unampata kwa kushinda vivuli vyake (rekodi za mbio zake zinazokimbia nawe) kwenye Time Trial. Kivuli chake hakiji mwanzo. Ukiweka muda mzuri kwanza ndipo anakutangazia vita.

#25 Mwana_wa_Mawe

Wabheja sana. Tokeni za CTR nimezielewa zaidi baada ya huu uzi: zile herufi za kuokota barabarani unaweza kuzigawa, C mzunguko wa kwanza, T wa pili, R wa tatu, mradi umalize wa kwanza. Ila zile za zambarau, za kukusanya fuwele 20 kabla muda haujaisha, uwanja wa Nitro Court unanishinda. Nabakiza mbili tatu kila mara.

#26 NgoshaWaPedi

Unazunguka ukifuata fuwele ulizoziona karibu. Anza na za pembeni kabisa na zilizozungukwa na Nitro ukiwa na muda wa kutosha wa kupinda taratibu, maliza na za katikati kwenye uwazi. Na pale piga drifti fupi za busti moja tu. Uwanja ni mdogo, ya tatu inakupeleka juu ya Nitro.

#27 FundiPedi_Nyegezi

Kabla hujailaumu Nitro Court, hebu shika R1 hesabu hadi kumi ukiangalia kigari. Drifti ikikatika kabla hujaachia, lete pedi.